PhET katika sekondari ya kata: tathmini ya mwalimu wa Fizikia

Kwa mwalimu mwenzangu ambaye ammita nzima (vipimo vya mkondo wa umeme) za shule yake zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, naanza na ushauri: pakua PhET, majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kompyuta, wiki hii. Haina malipo, haidai intaneti ukishaipakua, na kwa mada ya umeme sijaona kifaa kingine cha kufundishia, cha bure au cha kununua, kinachoikaribia. Kwa mada nyingine ni nzuri kiasi. Zipo pia mada ambazo nakushauri uiache kabisa, utafute uzi na jiwe.

Nafundisha Fizikia na Hisabati katika sekondari ya kata mkoani Morogoro, Kidato cha Kwanza hadi cha Nne. Jengo la maabara tunalo. Ni matunda ya ile kampeni ya wakati wa Rais Kikwete iliyotaka kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya Fizikia, ya Kemia na ya Baiolojia. Wananchi walichangishwa, wakabeba mchanga na mawe, kuta zikasimama. Meza za zege zipo, masinki yapo. Vifaa ndivyo haba. Darasa langu la Kidato cha Pili lina wanafunzi zaidi ya sabini, na seti moja ya betri, balbu na waya ikizungushwa, wa safu ya mwisho anaishika kengele ikiwa inalia. Naandika nikiwa na darasa hilo mbele ya macho yangu. Mwenye maabara iliyojaa vifaa na wanafunzi ishirini ataiona PhET kwa jicho lingine, na ana haki.

PhET ni mkusanyiko wa simulesheni za sayansi na hisabati zinazotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Colorado, pale Boulder, Marekani. Mradi ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2001 pamoja na Eric Cornell na Wolfgang Ketterle. Sehemu ya fedha za tuzo ile aliiweka humo. Huwa nawasimulia wanafunzi wangu habari hii kwa sababu inanigusa: mtu amefika kileleni mwa taaluma yake, kisha akageuka kujiuliza kwa nini watoto hawaelewi Fizikia wanayofundishwa, akalichukulia swali hilo kwa uzito uleule aliouweka kwenye utafiti wake. Na inaonekana kwenye kazi yenyewe. Kabla simulesheni haijatolewa, watengenezaji huwakalisha wanafunzi mbele yake na kutazama wanashika nini, wanakwama wapi, wanaelewa vibaya kitu gani. Ndiyo maana mtoto ambaye hajawahi kugusa kipanya anaizoea mapema kuliko unavyotarajia.

Kila simulesheni ni ukurasa mmoja unaofunguka kwenye Chrome au kivinjari kingine. Ukivuta waya, waya unavutika. Ukiongeza volti, mwanga wa balbu unaongezeka papo hapo. Hapo ndipo inapoachana na video za YouTube, ambazo nazo nazitumia. Video inaonyesha jaribio moja kwa namna moja. Mwanafunzi akiuliza, "Je, na betri tukiigeuza?", video haina la kumjibu, na mimi nabaki kumwambia kwa maneno. Kwenye PhET namwambia aje mbele aigeuze.

Tuanze na umeme, maana ndiko thamani yake iliko kubwa.

Simulesheni inaitwa Circuit Construction Kit: DC. Unapewa meza tupu na sanduku la vifaa: waya, betri, balbu, resista, swichi, ammita, voltmita, na vitu vya kawaida kama sarafu, penseli, kifutio, noti ya dola, hata mbwa. Waya zinaonyesha elektroni kama vitufe vya bluu vinavyotembea, na ukitaka unabadilisha uone mishale ya mkondo kama inavyochorwa kwenye vitabu vyetu, kutoka chanya kwenda hasi.

Kabla sijawasha projekta, nachora ubaoni betri moja na balbu mbili zilizofuatana, zinazofanana kabisa. Nauliza ipi itawaka zaidi. Kila anayejibu aandike jibu lake kwenye daftari kwanza, kwa kalamu ya wino, asije akalifuta. Kisha mikono juu. Mwaka hadi mwaka, sehemu kubwa ya darasa inaichagua balbu iliyo karibu na upande chanya wa betri. Wanavyofikiri, umeme unatoka kwenye betri ukiwa mwingi, balbu ya kwanza inakula fungu lake, ya pili inapata mabaki. Ni fikra ya mtu mwenye akili timamu anayejua kwamba kinacholiwa hupungua, na walimu wa Fizikia wa nchi nyingi wanaikuta madarasani mwao. Ubaya wake ni kwamba ukiisahihisha kwa mdomo, mwanafunzi anaandika ulichosema, anakirudisha kwenye mtihani, na kichwani anabaki na ya kwake.

Basi namwita mmoja aje kwenye laptopu aunge sakiti ileile iliyoko ubaoni. Mimi sishiki kipanya. Hii ni kanuni ninayoilinda: mwalimu akishika kipanya, darasa linageuka kuwa sinema. Mwanafunzi anaunga, anafunga swichi, balbu zote mbili zinawaka sawasawa, na vitufe vya bluu vinapita kwenye balbu ya kwanza na ya pili kwa mwendo uleule. Kelele inayotokea hapo naipenda kuliko jambo lolote katika kazi hii.

"Madam, zimewaka sawa!"

"Sasa umeme umeliwa wapi?"

Kimya. Kisha, mara nyingi kutoka kwa mtu usiyemtarajia, linakuja swali zuri kuliko langu. Mwaka uliopita alikuwa kijana wa dawati la nyuma ambaye huwa hanyooshi mkono: "Madam, mbona zote zimefifia kuliko ilipokuwa moja peke yake?"

Hapo ndipo ammita inapoingia, na inaingia kwa sababu mwanafunzi ameihitaji, si kwa sababu silabasi imeitaja. Betri ya simulesheni ina volti 9 na balbu ina ukinzani wa omu 10. Balbu ikiwa moja, ammita inasoma ampia 0.90. Zikiwa mbili kwa mfuatano, inasoma 0.45, na inasoma 0.45 popote utakapoiweka: kabla ya balbu ya kwanza, katikati, baada ya ya pili. Wanaihamisha wenyewe, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu hawaamini. Nawaacha waihamishe. Wakiziunga balbu kwa sambamba, kila moja inarudi kuwaka kama mwanzo na betri inatoa ampia 1.80. Kutoka hapo somo linaingia nyumbani bila kusukumwa: kwa nini ukizima taa ya chumbani ya sebuleni haizimiki, na kwa nini kila kifaa unachoongeza kwenye ekstensheni moja kinauongezea ule waya mzigo.

Halafu kuna moto. Ukiunganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu, betri inawaka moto kwenye skrini. Nimewahi kusikia mwalimu akisema kwamba huo ni mchezo wa kitoto. Mimi naona ni dakika muhimu kuliko zote za kipindi. Hawa ni watoto wanaoishi kwenye nyumba zilizofikiwa na umeme miaka ya karibuni, ambako mtu huunga waya kwa kuzisokota na kuzifunga mfuko wa nailoni, na neno shoti wanalijua kwa hofu bila kujua linafanya kazi vipi. Kwenye simulesheni wanasababisha shoti wenyewe, wanaona mkondo ukipanda kupita kiasi, wanaweka fyuzi, wanarudia, fyuzi inakatika na betri inapona. Mwanafunzi mmoja aliniambia wiki iliyofuata kwamba amemzuia kaka yake kuweka kipande cha waya wa shaba mahali pa fyuzi. Siwezi kupima jambo hilo kwa alama.

Kwa Kidato cha Tatu na cha Nne, sehemu ya Lab ya simulesheni hiyohiyo inakuruhusu kuipa betri ukinzani wa ndani. Ukiuweka omu 2, balbu ileile ya omu 10 inapata ampia 0.75, na voltmita kwenye ncha za betri inashuka kutoka 9 hadi 7.5. Ukikata swichi, inarudi 9. Mada hii huwatesa wanafunzi kwa sababu kwenye betri halisi ukinzani wa ndani hauonekani wala huwezi kuuongeza au kuupunguza upendavyo. Hapa wanauvuta kwa kidole na kuona volti zinaondoka.

Faida nyingine sikuitarajia: ammita zetu halisi zimeanza kudumu. Mwanafunzi anayeunga ammita moja kwa moja kwenye ncha za betri anaiharibu, nasi hatuna ya akiba. Sasa kosa hilo analifanya kwenye kompyuta, anaona moto, na siku ya vifaa halisi mkono wake unasita wenyewe. Ndiyo sababu napanga PhET kabla ya maabara, kamwe si badala yake. Wakiingia maabara wakiwa tayari wanajua wanatafuta nini, ile seti moja inazunguka haraka na kila kundi linapata muda wa kutosha.

Sasa niseme pale ambapo haifai, maana nimeona walimu wakiichukua kama jibu la kila kitu.

Pendulum Lab ni simulesheni iliyotengenezwa vizuri. Unachagua urefu wa uzi, uzito wa gololi, pembe, una rula na saa ya kupimia. Uzi wa mita 1 unatoa kipindi (muda wa mbembeo mmoja wa kwenda na kurudi) cha sekunde 2.0, wa sentimita 25 unatoa sekunde 1.0, na mwanafunzi anaona mara moja kwamba ukiupunguza urefu mara nne, kipindi kinapungua mara mbili. Lakini pendulamu ni jaribio ambalo shule maskini kuliko zote inaweza kulifanya kwa mikono. Uzi upo dukani, jiwe lipo nje, simu ya mwalimu ina saa ya kupimia. Mwanafunzi anayefunga jiwe mwenyewe anajifunza mambo ambayo skrini haina: kupima urefu hadi katikati ya jiwe na si hadi kwenye fundo, kuachia bila kusukuma, kuanza kuhesabu na sifuri, kuhesabu mibembeo 20 kisha kugawanya ili kosa la kidole chake lipungue. Mtihani wa vitendo wa Baraza la Mitihani (NECTA) unampima akiwa na vifaa halisi mbele yake, na hakuna mahali pa kubofya. Nikiona andalio la somo la pendulamu lenye PhET peke yake, na uzi upo, nasikitika.

Kuna jambo moja ambalo uzi na jiwe haviwezi, nalo ndilo ninaloitumia simulesheni hii kulifanya: kuipeleka pendulamu Mwezini na Jupiter. Uzi uleule wa mita 1 ukiwa Mwezini unachukua karibu sekunde 5 kwenda na kurudi. Baada ya jaribio la mikono, dakika kumi za namna hiyo zinamfanya mwanafunzi aelewe kwamba ile g (mchapuko wa graviti) aliyoikokotoa kutoka kwenye grafu ni habari za mahali aliposimama. Tahadhari kwa mwalimu: pembe ikiwa kubwa, kipindi kinarefuka. Simulesheni inalifuata hilo kwa uaminifu. Mwanafunzi akiiachia kutoka digrii 60 atapata kipindi kilichozidi kile cha fomula kwa karibu asilimia 7, na atasema kompyuta imekosea. Mwambie abaki kwenye pembe ndogo, au bora zaidi mwulize kwa nini.

Kwa kanuni ya Hooke, ile ya mvutiko wa springi, maoni yangu ni yaleyale: springi halisi kwanza.

Mwanga uko katikati. Vipande vyetu vya kioo vimemeguka pembeni, na pini za kufuatia njia ya mwanga huinama kwenye ubao laini. Bending Light inatoa mwale safi: ukiingia kwenye kioo kwa pembe ya digrii 30 unapinda hadi 19.5 hivi, na protrakta ipo unaisoma. Uzuri wake mkubwa unakuja unapoelekeza mwale kutoka ndani ya kioo kwenda hewani. Mwanafunzi anaongeza pembe polepole, mwale unaotoka unazidi kulala, na karibu na digrii 42 unatoweka, wote unarudi ndani. Kwa pini hilo linachosha na nusu ya darasa hawalioni. Hapa wanaliona wote kwa pamoja. Lakini nao, baada ya kuona, lazima washike pini, kwa sababu kuzipanga pini nne ukiwa umefunga jicho moja ni ujuzi wa mkono na jicho ambao kipanya hakina cha kuufundisha.

Udhaifu wa jumla niliouona ni huu: data ni safi mno. Pointi zote zinakaa kwenye mstari kama zimepigwa rula. Mwanafunzi aliyezoea PhET akienda maabara na pointi zake zikatawanyika anadhani ameharibu, na wengine wanaanza kupika namba ili mstari unyooke. Hilo ni jambo zito, maana linamfundisha kijana udanganyifu mapema. Dawa yangu ni kuweka grafu mbili ubaoni bega kwa bega, ya skrini na ya maabara, na kulitumia nusu nzima ya kipindi kuuliza tofauti imetoka wapi: waya zilizolegea, betri iliyochoka, jicho lililosoma sindano ya ammita kwa upande. Nusu kipindi hicho kina Fizikia nyingi.

Lingine: PhET haielezi chochote. Hakuna sauti inayosimulia, hakuna somo lililopangwa. Mwalimu akiingia darasani bila swali lililoandaliwa, atapata dakika arobaini za rangi na vicheko. Kwenye tovuti kuna kazi za darasani zilizoandikwa na walimu wa nchi mbalimbali, unajiandikisha bure kuzipata, lakini nyingi ni za Kiingereza na zimefuata silabasi za kwao. Mimi nachukua wazo, naandika maswali yangu. Na watoto watacheza, lazima. Projectile Motion ina mzinga unaorusha hata piano, na hakuna darasa litakaloanza na pembe ya digrii 45 kabla halijarusha piano. Nawaachia dakika za mwanzo wacheze kwa uhuru, kisha naleta swali. Ukiwanyima mchezo mwanzoni, wataufanya katikati ya somo.

Suala la lugha nataka nilitulie kidogo, kwa sababu ndilo lililonifanya niipende PhET kuliko nilivyotarajia. Wanafunzi wangu wengi wametoka shule za msingi za serikali, walikosoma sayansi kwa Kiswahili. Wakifika Kidato cha Kwanza wanakutana na Fizikia na Kiingereza siku moja, na mwalimu hajui kama mtoto ameshindwa dhana au ameshindwa sentensi. Simulesheni nyingi za PhET zimetafsiriwa, zikiwamo za Kiswahili. Nafungua ileile mara mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza, kwenye kurasa mbili za kivinjari. Tunafanya jaribio zima kwa Kiswahili, wanabishana kwa Kiswahili, wanafikia hitimisho lao kwa Kiswahili. Kisha nahamia ukurasa wa pili, wanaona picha ileile, balbu ileile, na maneno ya mtihani yanakaa juu ya kitu wanachokijua tayari. Wasichana wangu kadhaa waliokuwa wamenyamaza tangu Januari walianza kuuliza maswali kwenye vipindi vya namna hii.

Tafsiri zenyewe hazilingani. Zinafanywa na watu wa kujitolea, kwa hiyo nyingine zimekamilika na nyingine zina vitufe vilivyobaki kwa Kiingereza, na istilahi zinatofautiana kutoka simulesheni moja hadi nyingine. Ipitie mwenyewe kabla ya kipindi.

Sasa namna ya kuipata, maana hapa ndipo walimu wengi hukwama. Nenda phet.colorado.edu, chagua simulesheni, ufungue ukurasa wake kwa lugha unayoitaka, kisha bonyeza alama ya kupakua. Unapata faili moja la megabaiti chache tu. Bando la siku linatosha kushusha somo zima la muhula. Faili hilo ukiliweka kwenye flashi linafunguka kwenye kompyuta yoyote yenye Chrome au Firefox ya miaka ya karibuni, pasipo intaneti. Laptopu yangu ni ya mtumba yenye RAM ya GB 4 na haijawahi kulalamika. Kompyuta ya ofisini yenye Windows ya zamani sana ilishindwa hadi tuliposasisha kivinjari. Simulesheni za zamani zilizoandikwa kwa Java ziache, zitakupotezea muda. Chagua zile za HTML5, zinazofunguka moja kwa moja kwenye kivinjari, na karibu zote unazozihitaji kwa O-Level zimo.

Kwenye simu ya Android faili linafunguka pia, kwa sharti moja. Ukiligusa, simu inaweza kukuuliza ulifungue kwa HTML Viewer au kwa Chrome. Chagua Chrome. HTML Viewer itakuonyesha ukurasa mtupu na utadhani faili limeharibika. Walimu wenzangu tunatumiana kwa Xender, programu ya kurushiana mafaili, au kama dokumenti ya WhatsApp. Wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni, lakini likizo wengine wanapata ya mzazi kwa saa moja jioni, na mafaili haya nawagawia wazazi wanaoyaomba kwenye kikao. Skrini ndogo inabana kwa sakiti kubwa, ila kwa Ohm's Law, ambako unavuta vitelezi viwili tu na kuona herufi za V, I na R zikikua na kusinyaa, inatosha kabisa. Iko pia programu rasmi ya simu yenye bei ndogo, inayokupa zote kwa pamoja. Sijainunua, kwa hiyo siisemei.

Projekta yetu tunaiazima parokia jirani, tunaangazia ukutani ambako mkuu wa shule alikubali papakwe chokaa nyeupe. Umeme ukikatika, na hukatika, projekta inazima na laptopu inabaki. Hapo nawagawa makundi, kundi moja linakuja kwenye laptopu, mengine yanachora sakiti na kuandika ubashiri wao. Si vibaya. Wakiwa kumi mbele ya skrini ndogo hubishana zaidi kuliko wakiwa sabini mbele ya ukuta. Shule yenye chumba cha kompyuta iangalie Kolibri, mfumo wa bure wa Learning Equality unaosambaza masomo kwenye kompyuta za shule bila intaneti, maana simulesheni za PhET ni miongoni mwa vilivyomo kwenye maktaba yake. Vitabu vya kiada navyo viko bure kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na hivyo viwili, kitabu na simulesheni, vinakwenda pamoja vizuri.

Mwalimu wa Kemia wa shuleni kwetu anaisifu Balancing Chemical Equations, na nimeona kwa nini: mtoto anaona molekuli zikipungua na kuongezeka kila anapobadilisha namba, na mizani inamwonyesha kama pande mbili zimelingana. Kwa Hisabati, zile za sehemu, kama nusu na robo, zinawafaa wanafunzi wa Kidato cha Kwanza waliokuja na mapengo ya darasa la nne. Grafu za mistari iliyonyooka ni nzuri vilevile. Sina zaidi la kusema juu ya hizo.

Kwa anayeanza, mpangilio wangu ni huu: Circuit Construction Kit: DC kabla ya yote, kisha Ohm's Law, kisha Bending Light. Jifungie nazo jioni moja, uandike maswali matatu ambayo una hakika darasa lako litayajibu vibaya. Usiende na zaidi ya matatu. Wakuu wa shule nawaomba kitu kidogo: mwalimu wa sayansi akija kuomba flashi na bando, mpe. Ni gharama ndogo kuliko katoni moja ya chaki, na vipindi vitakavyotoka humo ni vya miaka.

Kwa watengenezaji nina maombi mawili. Waweke pamoja simulesheni zote zilizokamilika kwa Kiswahili katika faili moja la kupakua mara moja, maana mwalimu wa kijijini hana muda wa kuzikusanya moja moja kwa mtandao unaokatikakatika. Na miongozo ya mwalimu itafsiriwe kama zilivyotafsiriwa simulesheni. Kwa tafsiri za simulesheni zenyewe si lazima tuwasubiri. Zana ya kutafsiri simulesheni iko wazi kwa anayeomba kujiandikisha, na mwalimu wa Kiswahili akikaa na wa Fizikia kwa likizo moja wanaweza kukamilisha kadhaa zilizobaki nusu, kwa istilahi ambazo watoto wamezizoea tangu shule ya msingi. Mimi na mwenzangu wa Kiswahili tumeshaitengea kazi hiyo likizo ya Desemba.